Upepo wa ubavuni: njia nne za kuigusisha ndege ardhini, na namna ya kuchagua

Mwanafunzi wa urubani anayetua vizuri siku ya utulivu huanza kuhangaika siku soksi ya upepo inapokatiza njia ya kutulia. Mwalimu mmoja anamwambia aje na pua iliyogeukia upepo, ainyooshe mwishoni kabisa. Mwingine anamwambia alaze bawa mapema na asisubiri. Halafu anaona ndege kubwa za abiria zikigusa ardhi bado zimekaa upande, na hakuna anayeshtuka. Wote hao wana sababu zao, na ndiyo maana anashindwa kuchagua.

Njia zote nne ninazolinganisha hapa zinatafuta jambo lile lile: ndege iguse bila kuteleza kando na, inapowezekana, pua ikiwa sambamba na njia ya kutulia. Tofauti kubwa iko kwenye wakati. Kazi ya kuipambanisha ndege na upepo inaweza kufanywa mapema, ikafanywa sekunde za mwisho, ikagawanywa, au sehemu yake ikaachiwa magurudumu. Ukilielewa hilo, majina ya njia hayatakusumbua. Na yote yaliyo hapa yafanyie mazoezi ukiwa na mwalimu, kwa mipaka ya kitabu cha ndege yako.

Kwanza, pima upepo wenyewe

Upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, mara nyingi hauji wote ubavuni. Ukitoka nyuzi 30 kando ya mwelekeo wa njia, sehemu inayokusukuma pembeni ni nusu tu, noti 10. Kwenye nyuzi 45 ni kama noti 14. Kwenye nyuzi 60 ni zaidi kidogo ya 17, na kutoka hapo ni salama kuuhesabu kama upepo mzima. Hesabu hii ifanye kabla hujaanza kushuka, maana ukishakaribia kugusa kichwa hakina nafasi ya hesabu.

Kisha fungua kitabu cha ndege. Cessna 172S, kwa mfano, imeandikiwa noti 15 za ubavuni. Hiyo ni kasi ya upepo ambayo ndege ilionyeshwa kuimudu wakati wa majaribio, na kwa ndege nyingi ndogo haihesabiki kuwa katazo la kisheria. Lakini kumbuka ni nani aliyeionyesha: rubani wa majaribio, mwenye ndege mpya na maandalizi kamili. Mwenye saa chache ajiwekee kikomo chake chini ya hapo, akiandike, na asikibadilishe akiwa angani.

Kukiwa na dharuba, yaani upepo unaozidi nguvu ghafla kisha kupungua, desturi inayofundishwa sana ni kuongeza nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na dharuba kwenye kasi ya kukaribia. Upepo wa noti 15 wenye dharuba za 25 una tofauti ya 10, basi unaongeza 5. Ukiongeza zaidi ya hapo bila hesabu, ndege itaelea juu ya njia muda mrefu, na kila sekunde ya kuelea ni sekunde nyingine ya kusukumwa kando.

Vigezo vya ulinganisho

Nimeipima kila njia kwa mambo manne. La kwanza ni kazi ya rubani: mikono na miguu inatakiwa kufanya nini, na lini. La pili ni nafasi chini ya bawa na injini, kwa sababu kuna ndege zisizoweza kuinama hata kidogo karibu na ardhi. La tatu ni mzigo unaobebwa na magurudumu. La nne ni dharuba ya mwisho: upepo ukibadilika ukiwa futi chache juu ya lami, je, unayo akiba ya kujirekebisha? Mwisho wa kila moja nimesema inamfaa nani. Katika mifano yote upepo unatoka kushoto, isipokuwa niseme vinginevyo.

Njia ya kwanza: mwendo wa kaa, kisha kunyoosha mwishoni

*Kazi ya rubani.* Ndege inakuja mabawa yakiwa sawa na pua imegeukia upepo, huku yenyewe ikifuata mstari wa katikati ya njia. Pembe inategemea kasi. Ndege ndogo inayokaribia kwa noti 65 ikipigwa na noti 15 za ubavuni inahitaji karibu nyuzi 13. Ndege kubwa ya noti 140 ikipigwa na noti 25 inahitaji nyuzi 10 hivi. Safari nzima ya kushuka ni tulivu, pedali za kugeuza pua hazina kazi kubwa, abiria hawahisi kitu. Deni lote linalipwa mwishoni: rubani anapoinua pua kupunguza mshuko, anakanyaga pedali ya kulia ili pua irudi kwenye mstari.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanafikiri kazi ni ya mguu peke yake. Ndege ikizungushwa pua kwenda kulia, bawa la kushoto linatangulia mbele, linapata kasi na mnyanyuko zaidi kuliko mwenzake, na upepo unaotoka upande huo unalisaidia kunyanyuka. Ndege inaanza kuinamia kulia, na sasa upepo na mwinamo vinaisukuma pamoja kwenda ukingo wa njia. Kwa hiyo mguu wa kulia na mkono unaopeleka usukani kushoto lazima viende kwa wakati mmoja: pedali inanyoosha pua, usukani unalizuia bawa la upande wa upepo lisinyanyuke. Rubani aliyezoea hufanya hivyo kwa mwendo mmoja laini, wala hapigi pedali teke.

*Nafasi chini ya bawa.* Ni nzuri ikifanywa sawasawa, kwa kuwa mabawa yanabaki karibu na usawa hadi mwisho. Ndiyo sababu inapendwa kwenye ndege zenye injini zinazoning'inia chini sana ya mabawa, na hata kwenye ndege za kuelea zisizo na injini, ambazo bawa lao refu halina nafasi ya kuinamishwa karibu na majani.

*Mzigo wa magurudumu.* Mdogo, mradi wakati umelengwa. Ukinyoosha mapema mno ndege inaanza kusukumwa kulia kabla ya kugusa. Ukichelewa inagusa ikiwa imekaa upande. Dirisha lenyewe ni la sekunde chache.

*Dharuba ya mwisho.* Huu ndio udhaifu wake. Ukishanyoosha, huna tena pembe ya kukulinda, na marekebisho yote yanatakiwa sekunde zile zile ambazo ndege inapoteza kasi na vibamba vyake vya kuiongoza, vile vya mabawa na mkia, vinapungua nguvu.

Machi 1, 2008, dhoruba iliyoitwa Emma ikivuma Ujerumani, Airbus A320 ilijaribu kutua Hamburg kwenye njia ya kutulia namba 23, yaani inayoelekea nyuzi 230 za dira. Upepo ulitoka kulia, karibu ubavuni kabisa, na dharuba zikifika noti 47. Rubani alipokanyaga pedali ya kushoto kunyoosha pua, bawa la kulia lilinyanyuka na la kushoto likashuka. Gurudumu la kushoto likagusa, na ncha ya bawa la kushoto ikakwaruza lami. Walipaa tena, na hakuna aliyeumia. Wachunguzi wa Ujerumani waligundua pia kwamba gurudumu moja lilipogusa, kompyuta za ndege zilihesabu kuwa tayari iko ardhini na zikapunguza nguvu ya kulisawazisha bawa. Silitaji tukio hili kuihukumu njia ya kwanza. Marubani huitumia kila siku bila tatizo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi jinsi kunyoosha pua kunavyozaa mwinamo.

*Inamfaa nani.* Ndege za abiria zenye injini chini ya mabawa, ndege za mabawa marefu, na rubani mwenye mazoezi ya karibuni. Mwanafunzi anaweza kuijifunza, lakini makosa yake yatatokea mahali pasipo na muda wa kuyarekebisha.

Njia ya pili: kulaza bawa tangu mbali

*Kazi ya rubani.* Upepo ukitoka kushoto, usukani unaenda kushoto na pedali ya kulia inakanyagwa. Bawa la kushoto linalala kidogo, na ndege inateleza kuelekea upepo kwa kasi ile ile ambayo upepo unaisukuma kulia. Matokeo yake ni kwamba inashuka juu ya mstari wa katikati, pua ikitazama moja kwa moja mwisho wa njia. Ugawaji wa kazi ni rahisi kukariri: bawa linatunza mstari, pedali inatunza pua. Ukiona unasogea kulia, ongeza mwinamo. Ukiona pua inageuka, rekebisha mguu.

Gharama yake ni mkao. Rubani ameshika vidhibiti vilivyokinzana kwa dakika nzima au zaidi, abiria wanahisi wanaegemea upande mmoja, na ndege ikiruka hivyo inakumbana na ukinzani mkubwa wa hewa, kwa hiyo inashuka haraka zaidi na inaomba nguvu zaidi kidogo ya injini. Kadiri kasi inavyopungua unapoinua pua, vibamba vinalegea, na inabidi uongeze usukani na pedali ili hali ibaki ile ile. Wengi husahau hilo. Wanashika kila kitu vizuri hadi futi 10, kisha wanavilegeza wakidhani kazi imekwisha.

Soma pia maonyo ya ndege yako kabla hujaizoea njia hii. Vitabu vya Cessna 172 vinashauri kuepuka mtelezo mkali wa namna hii flapu, vile vibamba vya nyuma ya bawa vya kutulia, zikiwa zimeshushwa sana, kwa sababu mkia unaweza kuanza kutikisika.

*Nafasi chini ya bawa.* Kwa ndege ndogo yenye mabawa juu, hakuna shida. Kwa ndege yenye mabawa chini, au yenye injini chini ya bawa, nafasi ni finyu, na upepo mkali unaweza kudai mwinamo ambao ndege haiwezi kuumudu bila kugusisha bawa au injini.

*Mzigo wa magurudumu.* Hapa njia hii ndiyo bora. Gurudumu la upande wa upepo linagusa kwanza, likiwa limenyooka kabisa, kisha la pili, kisha la pua. Kugusa kwa gurudumu moja si kosa, ndiko kunakotakiwa. Anayeharakisha kusawazisha mabawa ili yote mawili yaguse pamoja anauruhusu upepo umsukume wakati mbaya kuliko wote.

*Dharuba ya mwisho.* Una akiba, kwa sababu tayari umeshika vidhibiti na unaongeza au kupunguza tu. Tena inakupa kipimo ambacho njia nyingine hazina. Ukiwa bado futi mia kadhaa juu, kama pedali imefika mwisho na pua bado inavutwa kuelekea upepo, umepata jibu: upepo huu umeizidi ndege yako. Kwa kawaida upepo hupungua karibu na ardhi, lakini sipendi rubani mchanga afanye kamari juu ya hilo.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, rubani wa ndege ndogo, na yeyote anayeendesha ndege yenye gurudumu la mkia.

Njia ya tatu: kuchanganya

*Kazi ya rubani.* Kwa ndege ndogo, unakuja kwa mwendo wa kaa, halafu ukiwa futi 200 au 300 unageuka taratibu kuingia mkao wa bawa lililolala na kubaki hivyo hadi kugusa. Kwa ndege kubwa, mchanganyiko unafanyika wakati wa kuinua pua: unapunguza sehemu ya pembe kwa pedali na kulaza bawa kidogo, bila kumaliza lolote kati ya hayo mawili. Mwongozo wa Airbus kwa upepo mkali unakubali kugusa ukiwa umebakiza hadi nyuzi 5 za pembe na mwinamo usiozidi nyuzi 5.

*Nafasi chini ya bawa* na *mzigo wa magurudumu* vyote viko katikati. Unatoa kidogo kila upande ili usitoe kingi upande wowote.

*Dharuba ya mwisho.* Ndege ndogo inayobadili mkao mapema inapata karibu faida yote ya njia ya pili. Hatari iko kwenye mpito wenyewe: ukiufanya kwa pupa, mstari wa katikati unapotea na unaanza kuufukuza ukiwa chini. Ukiona hujatulia, mpito huo ulipaswa kuanza juu zaidi.

*Inamfaa nani.* Marubani wengi wa ndege ndogo waliokwisha kupata uzoefu huishia hapa wenyewe, kwa sababu wanataka utulivu wa safari na uhakika wa mwisho. Ndivyo ilivyo kwa wa ndege kubwa pale upepo unapozidi uwezo wa njia moja peke yake.

Njia ya nne: kugusa bila kunyoosha

*Kazi ya rubani.* Ndogo kabla ya kugusa, kwa kuwa pembe inabaki ilivyo. Inaongezeka baada ya hapo.

*Nafasi chini ya bawa.* Bora kuliko zote, mabawa yako sawa.

*Mzigo wa magurudumu.* Kwenye lami kavu ni mkubwa: tairi zinagusa zikiwa zimeelekea kando ya mwendo, na miguu ya ndege inapokea pigo la ubavuni. Ndege zenye gurudumu la pua zina bahati moja, kwamba uzito wao uko mbele ya magurudumu makuu, hivyo mwendo wenyewe unazinyoosha. Ndege ya gurudumu la mkia ina uzito nyuma ya magurudumu makuu, na ikigusa kando ni kama toroli linalosukumwa kinyumenyume: mkosoko mdogo unakua wenyewe hadi ndege inazunguka. Kwa ndege hizo njia hii haifai kabisa.

Kuna ndege zilizoundwa kwa ajili hiyo. Ercoupe, ndege ndogo ya Marekani iliyotoka miaka ya mwisho ya 1930, haikuwa na pedali za kugeuza pua. Rubani alitua ikiwa imekaa upande, na miguu imara ya ndege ikameza pigo. Ndege ya kivita B-52 hufika mbali zaidi, kwani magurudumu yake yanaweza kugeuzwa hadi nyuzi 20 ili yafuate njia wakati pua ikitazama kwingine.

*Dharuba ya mwisho.* Akiba ni nzuri hewani, maana hujaharibu pembe yako. Kwenye njia ya kutulia inayoteleza sana, miongozo ya Boeing inaitaja njia hii kuwa yenye faida: ndege haisukumwi sana kando wakati wa kugusa, na magurudumu makuu yanagusa pamoja, hivyo vizuia-mnyanyuko na breki vinaanza kazi mara moja. Angalia lakini injini za kurudisha msukumo nyuma. Pua ikiwa imegeukia kushoto, msukumo huo unaivuta ndege kuelekea mkia, yaani kulia, upande ule ule unaosukumwa na upepo. Ndege ikianza kuteleza hivyo, rubani hupunguza msukumo huo, hulegeza breki, huirudisha ndege katikati, ndipo anaanza tena kusimamisha.

*Inamfaa nani.* Marubani wa ndege kubwa zilizoruhusiwa kufanya hivyo, hasa kwenye maji mengi au barafu. Mwenye ndege ndogo aichukulie kama hali inayotokea akikosea njia ya kwanza, na asiifanye kusudi.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kugusa si mwisho wa kutua. Ndege ikiwa bado inakimbia, mkia wake unashikwa na upepo na pua inataka kugeukia ulikotoka. Usukani unaendelea kwenda upande wa upepo, na unaongezwa taratibu kadiri kasi inavyopungua, hadi unafika mwisho. Pedali zinatunza mstari. Mwenye kuachia usukani mara magurudumu yanapolia ndiye bawa lake linalonyanyuka sekunde tatu baadaye.

Na kupaa tena kunabaki wazi wakati wote. Umeshindwa kukaa juu ya mstari, umeruka baada ya kugusa, pua haikunyooka: ongeza nguvu, uzunguke, uje upya.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama bado unajifunza kwenye ndege ya mabawa juu, anza na njia ya pili. Omba mwalimu akupitishe juu ya njia yote ya kutulia kwa urefu wa futi chache bila kugusa, bawa likiwa limelala na pua imenyooka, kwenye upepo wa noti 6 au 8. Mazoezi hayo yanafundisha miguu kuliko kutua mara nyingi mfululizo, kwa sababu yanarefusha zile sekunde ambazo kwa kawaida hupita kabla hujazielewa. Ukishazizoea, ongeza mwendo wa kaa kwenye kushuka, nawe umeingia njia ya tatu.

Kama ndege yako ina gurudumu la mkia, ya pili au ya tatu, na pua iwe imenyooka kabla ya mguso wa kwanza, bila msamaha.

Kama unaendesha ndege ya mabawa chini au mabawa marefu, tafuta kwanza mwinamo unaoruhusiwa karibu na ardhi. Ukiwa mdogo, njia ya kwanza au ya tatu, na tumia muda mwingi kufanyia mazoezi mguu na mkono kwenda pamoja.

Kama uko kwenye ndege ya abiria, utaratibu wa kampuni na wa mtengenezaji umekwisha kuchagua sehemu kubwa kwa niaba yako. Kinachobaki kwako ni kukubaliana na mwenzako kabla ya kushuka: nani anatua, kwa njia gani, na jambo gani litawafanya mpae tena.

Kama upepo ni wa dharuba zinazopishana sana, chagua njia unayoifanya mara nyingi, hata kama kitabuni ingine inaonekana nzuri zaidi. Siku hiyo si ya kujaribu mbinu mpya.

Na kama hesabu yako inaonyesha upepo umezidi, au pedali imefika mwisho ukiwa bado juu, badili njia ya kutulia au uwanja. Wale marubani wa Hamburg, baada ya kupaa tena, walikwenda kutua salama kwenye njia ya kutulia namba 33, inayoelekea nyuzi 330, ya uwanja ule ule. Upepo uliotoka nyuzi 300 ulikuwa ukikata njia ya 23 kwa pembe ya nyuzi 70. Njia ya 33 ulikuwa ukiikata kwa nyuzi 30, na nguvu yake ya ubavuni ikawa nusu.